Johannes Althusius na Swali la Mwenye Mamlaka Kuu

Ndugu wasikilizaji, mwaka 1576 Mfaransa Jean Bodin aliandika kwamba mamlaka kuu ya dola haigawanyiki. Nchi yake ilikuwa ikiteketea kwa vita vya dini, kwa hiyo si ajabu kwamba alitaka neno la mwisho liwe la mmoja. Aliyempinga, na ambaye ningependa tumtazame jioni hii, ni Mjerumani Johannes Althusius, aliyechapisha kitabu chake cha siasa mwaka 1603 alipokuwa akifundisha sheria huko Herborn.

Althusius alikubali kwamba mamlaka kuu ni moja. Alichobishia ni nani mwenye mali hiyo. Kwake, dola haiundwi na mtu mmoja mmoja. Familia na vyama vya watu wa kazi moja huungana vikawa mji, miji na vijiji vikawa jimbo, na ni miji na majimbo hayo yanayofunga mapatano ya kuunda dola. Mamlaka kuu basi ni ya umma uliojipanga katika jumuiya hizo, naye mfalme ni msimamizi aliyekabidhiwa kazi kwa masharti. Akiyavunja, wapo waangalizi, ambao Althusius aliwaita kwa jina la maofisa wa Sparta ya kale, maefori, wenye haki ya kumzuia na hata kumwondoa. Mfano ulikuwa jirani: majimbo ya Uholanzi yalikuwa yamemkana Philip wa Pili wa Hispania mwaka 1581.

Hata hivyo, nadhani kitabu hiki husomeka vizuri zaidi ukiwa Emden, mji wa bandari katika eneo la Ostfriesland, kaskazini-magharibi mwa Ujerumani. Bandari hiyo, iliyomwasi mtawala wa eneo hilo mwaka 1595, ilimwajiri Althusius kuwa mwanasheria wake mwaka 1604, naye akaitumikia hadi alipofariki mwaka 1638. Mgogoro haukwisha, mwaka 1618 mji ulifikia hatua ya kumkamata mtawala Enno wa Tatu. Katikati ya mivutano hiyo, mwaka 1614, likatoka toleo lililopanuliwa sana la kitabu. Anayetaka kusema kwamba huyu alikuwa wakili akimtetea mteja wake, aseme. Hoja haipungui uzito kwa hilo.

Udhaifu wake mimi nauona kwingine. Althusius alikuwa pia mzee wa kanisa la Kikalvini la mji huo, yaani la Waprotestanti wanaofuata mafundisho ya Jean Calvin, na jumuiya aliyoifikiria ilitaka umoja wa imani na nidhamu kali. Mkazi wa Emden alikuwa na mji wa kumkinga dhidi ya mtawala. Dhidi ya baraza la mji lenyewe, hakuwekewa kinga inayolingana na hiyo.