Kibao Cheupe Kwanza

Wanaonijua wameshaanza kucheka, maana wanajua nitaanza tena na kibao cheupe, kile tunacholinganisha nacho mwanga wa kila sampuli. Chekeni tu. Kila nikialikwa hapa Kampala kueleza kamera ya haipaspektra, ile inayochambua mwanga katika mikanda mingi, hata usioonekana kwa jicho, naulizwa bei ya kamera. Kibao hakuna anayekiulizia.

Sikilizeni. Tulikuwa tunapima kaolini ya Mutaka, udongo mweupe. Kaolini haijifichi: kwenye grafu ya mwanga unaorudi ina bonde pacha, yaani mahali inaponyonya mwanga, karibu na urefu wa wimbi wa nanomita 2200. Bonde lilikuwepo. Lakini safari ile kila sampuli ilitoa na vilima viwili, kimoja 1720, kingine 2310. Vilima, si mabonde! Siku mbili tunabishana, na mwenzetu mmoja ameshaanza kuandika makala ya ugunduzi. Siku ya tatu nikakipeleka kibao dirishani, nikakiinamisha. Kinang'aa. Mafuta ya rolex, ile chapati ya kuviringishwa na mayai, tena rolex yangu mwenyewe, ya mayai mawili. Nilikipangusa vumbi kwa kiganja kabla ya kunawa.

Mafuta hunyonya mwanga hapo hapo, 1720 na 2310. Kompyuta inagawanya mwanga wa sampuli kwa mwanga wa kibao; kibao kikipungua, jibu linafura. Basi, tulikuwa tumepima kifungua kinywa changu.

Kuna kijana pale nyuma anatikisa kichwa: mzee, siku hizi akili bandia itasafisha. Itasafishaje, ssebo, ikiwa kila kipimo kina alama ya mafuta yale yale? Itajifunza kwamba kaolini ndivyo ilivyo, na itakuapia.

Haya, mengine haraka. Kanzu mbili nyeupe, moja pamba, moja poliesta: jicho lina vipokezi vitatu tu vya rangi, linaziona ndugu. Kamera ina mikanda mamia. Poliesta inajitaja kwa bonde la 1660. Plastiki nyeusi msinipe, masizi yaliyomo yanameza mwanga wote.

Setilaiti? Chombo cha EMIT, kilichopelekwa kwenye kituo cha anga mwaka 2022, pikseli yake ni kama mita 60 kwa 60, karibu ekari nzima. Humo mna kibanja chako, migomba ya jirani na bati la choo, vyote uji mmoja.

Mahindi na sumukuvu nilikuwa na picha tano, lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Sawa. Kibao kinapita kwenu sasa, kishikeni pembeni. Wewe mwenye sambusa, mpishe mwenzako.