Feni Inapopiga Kelele, Sikiliza Kwanza

MARYAMU: Asalaam aleikum, karibuni tena barazani kwetu, hapa Lamu. Mliouliza ule mvumo uliokuwa ukisikika nyuma ya mazungumzo yetu ni nini: haukuwa upepo wa kaskazi, wala si mashine ya boti. Ni kompyuta ya dukani kwangu, Langoni, hiyo hiyo tunayorekodia.

TWALIB: Waaleikum salaam. Mimi, dada Maryamu, nilikuwa naisikia kabla sijafika mlangoni.

MARYAMU: Ilianza mwezi wa Desemba, joto lilipokaza. Asubuhi iko sawa. Wakija wateja watatu wa kuchapisha fomu, inaanza kunguruma, kisha inakuwa nzito, herufi niliyobonyeza inachelewa kutokea. Halafu inazima ghafla. Mzazi amesimama na karatasi za shule za mwanawe, na kazi yake yote imepotea. Nikamwita fundi mmoja, akabadilisha feni, nikamlipa. Siku ya tatu kelele ni ile ile.

TWALIB: Hapo ndipo nataka tukae. Feni ikipiga kelele, sisi tunaihukumu feni. Lakini feni inatumwa tu. Bodi, ile sahani kuu ya ndani, inapima joto la prosesa, ubongo wa kompyuta, ikiona limepanda inaiamuru feni izunguke zaidi. Kwa hiyo ya kwako ilikuwa inafanya kazi yake. La kuuliza ni kwa nini joto haliondoki.

MARYAMU: Lakini feni mbovu zipo.

TWALIB: Zipo, na sikio linazitambua. Feni iliyoisha beringi hulalamika pale unapowasha tu, bado baridi: inakwaruza, inatetemeka, pengine ikipata moto inanyamaza. Feni iliyozidiwa na joto huanza kimya, ikapanda kadiri kazi inavyozidi. Na ukisikia mlio wa kugonga wa haraka, tik-tik-tik, upo waya unaogusa mabawa. Ufunge pembeni kwa uzi.

MARYAMU: Yangu ilikuwa ya kupanda.

TWALIB: Ndiyo maana nilipokuja kuitazama sikushika bisibisi kwanza. Tuliiwasha tukaingia kwenye baiosi, ile programu ya bodi inayotangulia kuwaka, kwenye ukurasa unaoonyesha joto. Mashine imekaa tu, haina kazi, inasoma nyuzi 91! Ikitulia hivyo, hata kwa joto letu hili, mimi nategemea 40 na kitu, 50 na kitu. Prosesa nyingi za Intel zikikaribia 100 hujipunguzia mwendo zenyewe. Ule ndio uzito uliokuwa ukiuona. Joto likizidi hapo, mashine inajizima isiungue.

MARYAMU: Kumbe ilikuwa inajiokoa.

TWALIB: Naam. Tukachomoa umeme, tukabonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki ndani umalizike, tukaitoa uani. Waeleze ulichokiona.

MARYAMU: Mimi nilidhani ni kitambaa. Kati ya feni na yale mapezi ya aluminiamu palikuwa na kitu cha kijivu, kama usufi wa mto uliolaliwa miaka. Nikaushika pembeni, ukatoka mzima, duara kama feni yenyewe. Ulikuwa unanata vidoleni, kwa chumvi ya hewa yetu. Ndani yake mna unga mweupe wa chokaa ya kuta, na manyoya ya paka. Paka wangu hulala nyuma ya kasha la kompyuta, penye hewa ya moto.

TWALIB: Na feni mpya ilifungwa juu ya godoro hilo. Nalisema hili kwa uchungu: kumbadilishia mtu feni bila kusafisha kilicho chini yake ni kumlipisha bure. Dakika kumi za brashi laini ya rangi zingetosha kuliondoa. Ukiwa na bloa, ishike mbali kidogo, na uzuie mabawa kwa kidole. Ukiyaacha yazunguke kwa nguvu ya ule upepo, beringi inaumia.

MARYAMU: Lakini tulisafisha, tukawasha, ikasoma 84.

TWALIB: Hapo nami nilinyamaza kidogo. Ndipo nikamulika tochi ya simu pembeni. Kile kipoza cha Intel, yaani yale mapezi na feni yake, kinashikwa na pini nne za plastiki, kila moja inatakiwa ilie "tak" inapoingia kwenye bodi. Ya pembeni kulia ilikuwa inaning'inia. Kipoza kimeinama, upande mmoja hakigusi prosesa sawasawa. Joto linatoka kwenye prosesa, linapita kwenye pesti, ule uji wa kupitisha joto uliopakwa kati yake na kipoza, linaingia kwenye chuma, ndipo feni ilipulize nje. Likikatika njiani, hata feni tatu hazitasaidia.

MARYAMU: Na pesti yenyewe ilikuwa imekauka, inabanduka kama rangi ya zamani.

TWALIB: Tuliifuta yote kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, tukaweka mpya, kiasi cha punje ya mchele katikati. Jamani, msiweke dawa ya meno. Nimeikuta mara nyingi. Inakauka upesi, na tatizo linarudi. Kisha pini mbili za pembe zinazokabiliana, halafu mbili zilizobaki. Hapo tukasikia "tak" nne.

MARYAMU: Aliye na beringi iliyokwisha, na feni mpya mpaka ije kutoka Mombasa?

TWALIB: Bandua kibandiko cha katikati, tone moja la mafuta ya cherehani, basi. Mafuta ya nazi hapana, yananasa vumbi. Itamsogeza siku chache. Akiagiza, apime kwanza upana: 80, 92 au 120 milimita. Ahesabu na matundu ya plagi, matatu au manne. Ya manne ndiyo bodi inaiongoza vizuri mwendo. Ya matatu kwenye bodi nyingine itazunguka kwa nguvu zote kutwa. Na kelele ikitoka kwenye pawasaplai, kile kisanduku kinacholeta umeme ndani, usiifungue. Mna kapasita zinazoshika umeme hata ukichomoa. Hiyo inabadilishwa nzima.

MARYAMU: Na kasha nimelitoa kwenye kabati.

TWALIB: Hilo lilikuwa la lazima. Kompyuta haiwezi kuwa baridi kuliko hewa inayoivuta, na mle kabatini ilikuwa inavuta hewa iliyoitoa yenyewe. Acha shubiri moja nyuma. Leo mchana ilisoma ngapi?

MARYAMU: 47, na chumba kilikuwa na nyuzi 32. Nilichapa fomu za darasa zima bila kuzima. Adhana ya alasiri nikaisikia nikiwa nimekaa kwenye kiti changu, kwa mara ya kwanza tangu Desemba.

TWALIB: Paka je?

MARYAMU: Nimemtandikia gunia mlangoni. Bado anarudi pale nyuma kupagusa, anaona pamepoa, anaondoka.