Kiti cha Dirishani

Mama zangu, wazee wangu, nanyi vijana mliokosa viti huko nyuma, hamjambo.

Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998, saa nne na nusu asubuhi hivi, watu waliokuwa maofisini karibu na ubalozi wa Marekani hapa Nairobi walisikia mlipuko mdogo na milio ya risasi. Wakafanya ambalo sote tungefanya: wakaenda dirishani kuchungulia. Punde si punde bomu lenyewe likalipuka. Waliokufa hapa mjini walikuwa 213, majeruhi maelfu, na wengi walipofuka kwa vioo vya madirisha yale.

Mama mmoja niliyemhudumia alitoka bila hata mkwaruzo. Lakini miaka mingi baadaye alikuwa hakai dirishani kwenye matatu. Kiti cha dirishani kikibaki peke yake, anaacha gari liende, hata jioni ya mvua nauli ikiwa imepanda. Nyumbani wakasema ana maringo, wengine, amerogwa. Ule ni mfadhaiko baada ya kiwewe, yaani hofu inayobaki ndani ya mtu tukio la kutisha likishapita. Aliambiwa amwone mwanasaikolojia kila wiki. Akapiga hesabu: kikao kimoja kilizidi faida ya mboga zake za wiki nzima. Hakurudi.

Basi mtu kama huyu afanyeje? Majirani humwambia, "Sahau tu." Neno hilo silipendi. Yeye kazi yake kutwa ni kukimbia asikumbuke, na mbio zile ndizo zinazoulisha ugonjwa. Kila gari analoliacha, moyo unatulia papo hapo, na mwili unajifunza uongo: nimepona kwa sababu sikukaa dirishani.

Tulianza Jumapili asubuhi, gari tupu, injini imezimwa, kondakta mpwa wake. Akakaa dirishani. Jasho likamtoka, vidole vimekaza kwenye kiti cha mbele. Nikamwomba asishuke kwanza, atoe pumzi taratibu, aniambie anachokiona. "Kibanda cha M-Pesa. Kinyozi. Mwenye mahindi anapepea jiko." Dakika ishirini na kitu zikapita, vidole vikalegea. Jumapili iliyofuata gari likatembea vituo viwili. Kufika Haile Selassie Avenue, pale ulipokuwa ubalozi ule, kulichukua miezi.

Lakini sikilizeni vizuri. Hivyo tunafanya kwa kitu kisicho na hatari, kama kiti. Kumbukumbu yenyewe, ile ya damu na mayowe, usiifukue peke yako usiku wa manane. Hiyo inataka mtu aliyefunzwa kuketi nawe. Si lazima awe daktari. Huko Nakivale, kusini magharibi mwa Uganda, wakimbizi wenyewe walifunzwa kuwasaidia wenzao, Wanyarwanda na Wasomali, kusimulia maisha yao tangu kuzaliwa, kwa mpangilio, hadi lile tukio likapata mahali pake katika hadithi. Utafiti huo ulitolewa mwaka 2008: takriban 7 kati ya 10 waliosimulia hivyo hawakuhesabiwa tena kuwa wagonjwa. Waliosaidiwa kwa ushauri nasaha wa kawaida hawakuwa nyuma sana.

Jinamizi likirudi kila usiku, lisimulie mchana, ubadilishe mwisho wake utakavyo, uurudie mwisho huo mpya kabla ya kulala. Pombe hukulaza kisha hukuamsha saa tisa ukiwa hoi zaidi. Na vidonge vya usingizi vya kununua dukani kiholela, mama zangu, ni deni la riba.

Ukianza kufikiria kujiua, hapo hakuna mambo ya hatua kwa hatua. Mwambie mtu leo, na akupeleke hospitali usiku huohuo.

Yule mama siku hizi anapanda gari lolote. Isipokuwa Agosti. Wiki ya kwanza ya Agosti anaomba kiti cha katikati, na mimi simgombezi.

Haya, naona mkono pale karibu na mlango.