Kutoa Visubi Kwenye Vinundu vya Jani la Mwembe

Karibuni tena, jamani. Leo tuna vinundu vya mwembe, na jani hili ni zuri kweli kweli, limejaa. Kuchuma mnajua, hilo tuliruke. Ila chagueni vinundu vizima. Ukiona tundu, mwenye nyumba ameshahama.

Mwenye nyumba ni kisubi, nzi mdogo sana, wa jenasi ya Procontarinia, familia ya Cecidomyiidae. Familia hiyo ina spishi zaidi ya 6,000 zinazojulikana! Jike hutaga kwenye jani changa, lile laini. Buu akishaanza kula, jani lenyewe ndilo linalovimba na kumjengea chumba.

Haya, wembe. Uwe mpya. Sikilizeni hapa: msikate katikati, buu amekaa hapohapo. Pitisha wembe pembeni, mkwaruzo mwepesi, kisha bandua kifuniko kwa ncha ya sindano. Taratibu... pembeni, jamani, pembeni... Ngojeni, kamera inaonyesha kidole badala ya jani. Sogea. Hapo! Mnamwona? Huyo wa njano. Mgeuzeni chini ya lenzi: akiwa amekomaa, kifuani ana kijipau, yaani kipande kidogo kigumu cha kahawia. Buu wa nyigu, ambaye naye huweza kuwa humo ndani, hana. Mimi kwa kijipau hiki naweza kukaa saa nzima.

Majani yanayobaki tunayafuga. Chupa ya mdomo mpana, tishu yenye unyevu, majani juu yake, kitambaa chepesi, mpira, basi. Lakini nimesema unyevu, sikusema maji. Ukiminya tishu ikatoa tone, imezidi, ukungu utamaliza kila kitu. Ikikauka, jani linajikunja na buu anafia ndani. Iguseni kila asubuhi. Narudia, kila asubuhi.

Wakianza kutoka, watazameni mapema, maana kisubi mzima huishi siku chache tu. Ana milimita 1 au 2, miguu mirefu, vipapasio vyenye vifundo vifundo. Angalieni na kinundu: ganda la pupa, yaani buu anayegeuka kuwa mdudu mzima, hubaki limechomoza tunduni.

Na wakitoka wadudu wenye kiuno chembamba, mabawa manne, tafadhali msiwaue! Hao ni nyigu wadogo, waliokula buu wa kisubi humo humo ndani. Kwangu hao ndio tunu ya chupa nzima. Wapelekeni wakiwa hai mkawafungulie kwenye mwembe uleule. Visubi watieni kwenye spiriti, na kibandiko kiwe na tarehe na jina la mti. Andikeni kwa penseli, wino huyeyuka.