Kuwalikiza Watoto wa Mbwa: Mhadhara kwa Wafugaji, Pongwe, Tanga

Asalaam aleikum, na habari za asubuhi. Ahsanteni kwa kuja na mvua hii. Naona wengine mmewaleta na watoto wa mbwa kwenye vikapu. Wafunikeni vizuri, baridi wanaisikia kuliko sisi.

Nimeombwa niseme juu ya kuwalikiza, yaani kuwaachisha ziwa. Bibi zetu, mtoto akigoma kuacha ziwa, walipaka shubiri. Mbwa hahitaji shubiri, watoto wake huota meno. Wiki ya 3 chonge zinachomoza, nyembamba kama sindano, na siku chache baadaye utamwona mama anainuka katikati ya kunyonyesha na kwenda zake, watoto wananing'inia kisha wanadondoka mmoja mmoja. Watu husema amewachukia. Hapana, jamani. Ameanza kuwalikiza, na sisi kazi yetu ni kumfuata, tusimtangulie.

Kwa hiyo anza hapo, kati ya wiki ya 3 na ya 4. Kabla yake, kama mama ni mzima na ana maziwa, usiwape kitu. Chukua kifuniko cha ndoo, kile cha lita 20, kigeuze kiwe sahani. Nakipenda kwa sababu kina ukingo mfupi, mtoto anafika bila kunyoosha shingo. Weka uji mwepesi wa vuguvugu, chovya kidole, mpe arambe, kisha shusha kidole taratibu mpaka kwenye uji. Usimkandamize kichwa: uji ukiingia puani unafika mapafuni. Siku ya kwanza watakanyaga, watakaa ndani, watatapakaa mpaka masikioni. Waacheni. Mama atakuja kuwaramba, na wao kwa kurambana watajua kumbe hiki kinalika.

Uji wenyewe sasa. Unga mtupu unajaza tumbo, haujengi mwili. Tuna dagaa hapa, nendeni soko la samaki la Deep Sea asubuhi. Waosheni mchanga na chumvi itoke, wachemsheni bila kitunguu, maana kitunguu kinaharibu damu ya mbwa, kisha watwangeni wawe unga ndipo mchanganye. Yai la kuchemsha linafaa, na ini kidogo. Wape mara 4 kwa siku, kidogo kidogo. Kila wiki punguza maji, uji uwe rojo, rojo iwe chakula laini, na maji safi yawepo pembeni.

Na huo unga uchungulieni. Pwani yetu ina unyevu, gunia likikaa chini linaota ukungu, na kuna mtu atasema, "Huu haufai kwa watu, wapeni mbwa." Ndugu zangu, sumukuvu, ile sumu ya ukungu, inaua ini la mbwa haraka mno. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Mtoto wa mbwa wa kilo 2 ataihimili vipi? Unga ulioota ukungu ni wa kutupa.

Nije kwenye maziwa ya ng'ombe, ambayo Tanga tunayo tele. Mwaka wangu wa kwanza kufuga, mama alikaukiwa, nikawapa watoto 7 maziwa ya ng'ombe matupu, kwa mapenzi kabisa. Siku ya tatu wanaharisha maji ya manjano, na wawili wakafa. Niliwazika chini ya mchungwa, na mpaka leo nikipita pale nawakumbuka. Maziwa ya mbwa yana mafuta na protini karibu mara 2 ya ya ng'ombe, lakini sukari ya maziwa yanayo kidogo. Ile sukari ya ng'ombe matumbo yao hayaiwezi. Mtindi kijiko kimoja juu ya uji ni afadhali, kwa kuwa sehemu ya sukari imekwisha kuliwa na chachu.

Minyoo: mtoto wa mbwa huzaliwa nayo, imempitia tumboni mwa mama, na mingine inakuja na maziwa. Dawa ianze wiki ya 2, irudiwe kila baada ya wiki 2 hadi ya 8, na mama naye ameze. Ukiona tumbo limevimba kama ngoma na mbavu zinahesabika, hiyo si shibe. Mayai ya minyoo hiyo hukaa mchangani wanapochezea watoto wetu, na mtoto akiyameza, vibuu vinavyoanguliwa vinaweza kumfikia hadi machoni.

Waislamu wenzangu mnaoogopa najisi, mbwa wa shamba na mifugo ameruhusiwa. Vyombo vyake vitengeni na vioshwe peke yake.

Mtoto asiondoke kwa mama kabla ya wiki 8. Najua wanunuzi wanawataka wa wiki 5, wadogo wa kupakata. Mkatalieni. Wiki hizo za mwisho ndipo anapojifunza kwa ndugu zake kwamba kung'ata kunauma. Mama naye, maziwa yakimpungua, mpapaseni matiti kila siku. Titi likiwa gumu na la moto, mwiteni daktari wa mifugo siku hiyohiyo.

Mama wa kanga nyekundu, lete kikapu chako. Mfungue mdomo, hivi, taratibu. Mnaona? Chonge za juu zimetoka, za chini bado. Huyu leo haanzi uji. Mrudishe kwa mama yake sasa hivi, tutaendelea na maswali ukiwa umeondoka.