Jinsi ya Kutambua Darubini Feki Kabla Hujatuma Pesa

Karibu mtazamaji. Video hii ni ya madereva na waongoza watalii wa Arusha na Moshi, na yeyote anayetaka kununua darubini mtandaoni kabla msimu haujachanganya. Andaa rula, karatasi nyeupe na simu yenye tochi.

Darubini feki hubeba majina makubwa: Bushnell, Nikon, hata Swarovski. Jina ni kazi ya dakika moja kulichapisha. Kinachowashinda watengenezaji wa feki ni kuzifanya namba zilizoandikwa pale juu zikubaliane na kioo kilichomo ndani. Kwa hiyo tunaanza na namba, tena kabla hujatuma hata shilingi.

Hatua ya kwanza: soma namba za kwenye tangazo. Hii hapa mezani imeandikwa 8x42. Nane ni ukuzaji: swala aliye mita 400 unamwona kana kwamba yuko mita 50. Arobaini na mbili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Sasa gawa ya pili kwa ya kwanza. 42 kwa 8 ni 5.25. Huo ni upana, kwa milimita, wa mwali wa mwanga unaotoka nyuma ya darubini kuingia jichoni mwako. Mboni ya jicho kwenye jua kali huwa milimita 2 hadi 3, na gizani kijana hufikia kama 7. Mwali wa milimita 5 ndio utakaokufaa saa kumi na mbili asubuhi, chui bado yuko juu ya mti na jua halijatoka.

Chukua namba za tangazo na ufanye hesabu hiyohiyo. Ukikuta 60x60, jibu ni milimita 1. Hata ingekuwa kweli inakuza mara 60, picha ingekuwa giza tupu, na mtikisiko mdogo wa mkono nao ungekuzwa mara 60. Darubini ya kushika mkononi huishia mara 8 au 10, na 12 kwa mwenye mkono mtulivu. Zaidi ya hapo unahitaji stendi ya miguu mitatu.

Ukikuta 20-180x100, tazama picha ya tangazo. 100 maana yake lenzi moja ya mbele ina upana wa sentimita 10, na ziko mbili, kwa hiyo darubini nzima inavuka sentimita 20 kwa upana. Kama kwenye picha mtu ameishika kwa kiganja kimoja, tangazo limeshajikana lenyewe.

Kuna maandishi mengine tunataka uyazoee, kwa sababu yanapatikana sana kwenye darubini ndogo za jicho moja: 66M/8000M. Muuzaji atakuambia inaona kilomita 8. Maandishi ya namna hiyo kwa kawaida hueleza upana wa eneo unaloliona ukiwa umbali fulani. Darubini nzuri ya 8x42 huonyesha upana wa kama mita 120 hadi 140 kwa umbali wa mita 1,000. Kwa mita 8,000, hiyo ingekuwa karibu kilomita nzima. Anayeandika mita 66 kwa mita 8,000 anasema darubini yake inaona nafasi isiyofika nyuzi nusu, kama kuchungulia kwenye tundu la funguo. Aliyechapisha hakujua maana ya alichokichapisha. Ukiona maandishi hayo, acha, hata bei iwe nzuri vipi.

Na neno "mchana na usiku": darubini ya kawaida ya vioo haioni gizani. Ya kuonea usiku ina betri na mitambo ya umeme ndani, na bei yake ni nyingine kabisa.

Hatua ya pili: hakikisha modeli hiyo ipo. Nenda kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, siyo ya muuzaji, uandike jina la modeli pamoja na namba zake. Kampuni huonyesha picha, uzito, na upana wa eneo linaloonekana. Linganisha maandishi herufi kwa herufi: yamewekwa upande gani, ni ya kuchongwa au ya rangi. Hapa watu wengi hukosea kwa kudhani kuwa "Made in China" ni ushahidi wa feki. Siyo. Nikon Monarch halali nyingi zimetengenezwa China. Lakini Swarovski Optik wana kiwanda chao Absam, nchini Austria, na darubini zao kubwa za 10x42 mpya huuzwa kwa zaidi ya dola 2,000 za Marekani. Anayekupa moja mpya kwa shilingi laki moja na nusu hakupunguzii bei. Anakuuzia kitu kingine.

Hatua ya tatu: omba video, siyo picha. Picha nzuri inaweza kuokotwa popote. Mwombe muuzaji video moja isiyokatwa inayoonyesha karatasi yenye tarehe ya leo, kisha siriali namba, kisha lenzi za mbele zikiwa zimeinamishwa chini ya taa nyeupe. Itunze siriali namba hiyo, kisha iulize kampuni yenyewe au wakala wake. Muuzaji anayekasirishwa na ombi dogo kama hilo mwache aende.

Malipo hatutayazungumzia sana. Kama muuzaji yuko mjini, kutaneni mchana mahali pa wazi, tuseme karibu na Mnara wa Saa, siyo ndani ya duka lenye taa hafifu. Kama mzigo unatoka Dar kwa basi, kubalianeni kwa maandishi kwamba unakagua kwanza, na siku za kurudisha ni ngapi. Bodaboda akileta mzigo wa kulipia mlangoni, fungua boksi yeye akiwa bado hapo.

Sasa darubini iko mkononi. Hapa ndipo tutakaa.

Anza na rula. Pima lenzi ya mbele, kioo chenyewe, bila fremu ya plastiki. Imeandikwa 42, ipate 42 au pungufu kidogo sana. Zipo za "60" ambazo kioo chake ni 35.

Lakini rula ya mbele haitoshi, na tafadhali usiruke kipimo kinachofuata. Elekeza darubini kwenye anga jeupe, mbali kabisa na jua, maana jua kupitia darubini hupofusha. Ishike kama sentimita 30 kutoka usoni, lenzi za macho zikikutazama. Sogeza kamera hapa. Unaona vile viduara viwili vyenye mwanga, kimoja kila upande? Huo ndio ule mwali tuliouhesabu. Weka rula juu yake. Kwa 8x42 unatakiwa upate zaidi kidogo ya milimita 5. Ukipata 3, kuna uongo mahali: ama ukuzaji siyo 8, ama ndani kumewekwa pete nyeusi inayoziba kingo za lenzi. Watengenezaji wa bei chee hufanya hivyo kwa sababu kingo za kioo kibovu huharibu picha, na ni rahisi kuziziba kuliko kuzinoa vizuri. Unalipia kioo kikubwa, unatumia cha katikati tu.

Ukiwa umeshika hivyohivyo, tazama umbo la kiduara. Liwe mviringo safi. Kwenye darubini zenye mabega mapana, za muundo wa zamani, ukiona kiduara kimekatwa pembeni, chenye vivuli vya kijivu kama mraba mdogo, prizimu, yaani vile vipande vya kioo vya ndani vinavyoakisi mwanga, ni za aina ya kioo iitwayo BK7. Kioo hicho hupinda mwanga kidogo kuliko aina nyingine iitwayo BaK-4, kwa hiyo miali ya pembeni haiakisiwi yote ndani ya prizimu. BK7 peke yake siyo kosa, darubini nyingi halali za bei ndogo zinaitumia. Kosa ni pale mwilini pameandikwa BaK-4.

Ukuzaji nao unapimika. Simama mita 20 au 30 kutoka ukuta wa matofali ambao haujapigwa plasta, na Arusha kuta hizo hazikosekani. Jicho moja lipite kwenye darubini, jingine libaki wazi likitazama ukuta moja kwa moja. Picha mbili zitalaliana. Hesabu matofali mangapi ya kawaida yanafunikwa na tofali moja lililokuzwa. Yakiwa nane, ni 8x. Jaribu hivyo darubini iliyoandikwa 60, usishangae ukihesabu nane au kumi.

Rangi ya lenzi. Inamisha kioo chini ya taa ya chumbani. Mpako mzuri, yaani utando mwembamba uliopakwa juu ya lenzi, huakisi mwanga hafifu wa kijani au zambarau, na taa inaonekana imefifia. Lenzi inayong'aa nyekundu kama rubi inaurudisha mwanga mwekundu nje badala ya kuupitisha. Matokeo yake nyasi na ngozi ya mnyama hupata ubuluu wa kijani, na mgeni wako atakuuliza yule ndege kwa nini rangi yake hailingani na ya kwenye kitabu. Ukikuta lenzi inaakisi taa nyeupe kama kioo cha dirisha, haina mpako.

Kisha mulika tochi ya simu kutoka mbele, uchungulie ndani. Tafuta vumbi, alama za vidole, gundi iliyotapakaa, mirija ya ndani inayong'aa badala ya kuwa nyeusi tuli.

Kipimo cha mwisho cha nje ni mirija kuwa sambamba. Ukiwa Moshi usikimbilie kuitazama Kibo. Theluji ya mbali ni nzuri machoni lakini inaficha kasoro. Tafuta waya wa umeme uliolala, mita 100 au zaidi. Utazame vizuri, halafu isogeze darubini polepole kutoka machoni hadi uone viduara viwili vilivyoachana. Waya uwe kwenye kimo kimoja katika vyote viwili. Ukipanda upande mmoja, mirija imepinda. Mwanzoni macho yatajilazimisha kuunganisha picha na hutagundua kitu. Baada ya saa mbili Tarangire, kichwa kinagonga, na unadhani ni jua.

Kama tangazo limesema haiingizi maji na imejazwa naitrojeni, gesi kavu ya kuzuia ukungu wa ndani, ifunge kwenye mfuko wa plastiki, iweke kwenye friji dakika 20, itoe na uifute nje. Ukungu wa nje ni kawaida. Ukungu usiofutika, ulio ndani ya kioo, maana yake hewa yenye unyevu imo humo. Asubuhi ukingoni mwa Ngorongoro, juu ya mita 2,200, darubini ya namna hiyo itakuziba macho wakati wageni wanataka kuona kreta kwa mara ya kwanza.

Gurudumu la kufokasi lizunguke laini bila kuruka, na pete ya jicho la kulia ibaki pale ulipoiweka. Hilo ni la haraka.

Ikishindwa vipimo hivi, usiitupe na usimuuzie mwenzako. Rekodi video ya rula juu ya lenzi na juu ya kiduara cha mwanga, hifadhi boksi, meseji za bei na ujumbe wa malipo. Dai kurudishiwa ndani ya siku mlizokubaliana, kupitia tovuti uliyonunulia kama ina utaratibu huo. Muuzaji akikaidi, peleka malalamiko Tume ya Ushindani, FCC, ambayo ndiyo inashughulikia bidhaa bandia chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963. Andika jina la duka la mtandaoni kama lilivyo, tarehe uliyolipa, na maneno yaliyochapishwa mwilini mwa darubini, herufi kwa herufi, pamoja na makosa yake.