Mwenye Kamba Ndiye Tajiri

Asalaam alaikum. Mabibi, mama zangu, dada zangu, na nyinyi kina baba mliokaa huko nyuma karibu na mlango kama watu wanaotaka kutoroka, karibuni. Nimeambiwa nisizidishe muda, maana ni bamvua na ikifika saa nne maji yatakuwa yameshatoka na mwani unakungojeni. Nitajitahidi.

Sheria nimeisomea Unguja, lakini kazi nimeijulia hapa Pemba, pwani. Mama yangu amelima mwani miaka 19. Zile taitai, vijikamba vya kufungia mwani, mnazijua, hufungwa moja moja, dole gumba na cha shahada, kamba hadi kamba. Mimi niko darasa la tatu, mama hawezi kunifunga kifungo cha shati la skuli bila ya kuguna, vidole vimechanikachanika na chumvi imeingia. Nikidhani kina mama wote duniani wana vidole vile.

Kuna siku sijaisahau. Wakala wa mnunuzi wa mwani ametundika mzani wake kwenye mti wa mkungu, daftari lipo juu ya ndoo iliyofudikizwa. Mama kaja na mapolo mawili makavu. Kashasikia kijiji cha pili kuna mnunuzi anatoa zaidi, akasema, mimi haya nayapeleka kule. Wakala hakugomba. Alimuuliza tu: "Kamba za nani hizo?" Mama akatua mapolo, akapima palepale, likakatwa deni la kamba na la taitai, tukarudi nyumbani na pesa ya sukari na mafuta ya taa.

Basi leo nimekuja na suali lile lile la wakala, ila nataka tulijibu vyengine.

Sheria yetu ya Ajira ya Zanzibar, Namba 11 ya 2005, si sheria mbaya. Kazi si jambo la Muungano, kwa hiyo hii ni yetu wenyewe, imepita Baraza la Wawakilishi. Mwanamke aliyeajiriwa akijifungua ana likizo ya siku 90 na mshahara wake. Tajiri wake, yaani mwajiri wake, anamchangia ZSSF, mfuko wetu wa hifadhi ya jamii, tena mchango wa tajiri ni mkubwa kuliko wa mfanyakazi. Mama alipomzaa mdogo wangu wa mwisho sheria hii ipo. Alitoka arubaini Jumatano, Alkhamis yumo majini. Katika zile siku arubaini wifi yake ndiye aliyemvunia, kwa nusu kwa nusu. Likizo yake ya uzazi aliilipia yeye.

Kwa nini? Kwa sababu sheria inamlinda mwajiriwa, na mkulima wa mwani anahesabika amejiajiri. Hapo ndipo ninapopinga. Tuutazame huo kujiajiri. Mwani wa biashara ulianza Paje na Jambiani mwaka 1989, mbegu zikatoka Ufilipino. Wanaume walijaribu, wakaona pesa ndogo, wengi wakarudi kwenye ngalawa zao (msinune huko nyuma, ndivyo ilivyokuwa). Leo katika kila wakulima kumi, wanane au zaidi ni wanawake. Na tangu mwanzo utaratibu ulikuwa huu: mnunuzi anatoa kamba na taitai, na aliyezichukua humuuzia yeye. Bei anaitaja yeye. Mwani hafifu anaukataa yeye.

Mtu akikupa vifaa, akakupangia bei, akakuzuia kuuza kwengine, kwa Kiswahili cha pwani mtu huyo anaitwa tajiri wako. Hakuna jina jengine.

Ila ni tajiri wa faida tu. Cottonii, ile aina ya mwani ambao ndio wenye bei, haustahamili maji ya moto. Bahari ikipata joto unapauka, unakatika, unaoza kwenye kamba. Wengi wenu mmebaki na aina ya pili, spinosum, ambao bei yake ni ya kuchekesha kama haikulizi. Ukioza, hasara ya nani? Ya mama. Na deni la kamba liko palepale.

Mtu ataniambia haya ni maneno ya kujitungia, hayajapata kutokea. Yametokea. Mjini Ahmedabad, India, mwaka 1972, Ela Bhatt aliwakusanya wanawake wachuuzi, wachukuzi wa mizigo na washonaji wa majumbani, wakaenda kuandikisha chama cha wafanyakazi kiitwacho SEWA. Msajili akakataa: nyinyi hamna tajiri, mtagombana na nani? Wakamjibu kuwa chama ni cha kuwaunganisha wafanyakazi, si lazima kiwe cha kugombana na mtu. Wakaandikishwa mwaka ule ule. Na mwaka 1996 Shirika la Kazi Duniani likapitisha Mkataba Namba 177 wa kazi zinazofanyiwa nyumbani. Mkataba ule unamtambua mfanyakazi hata kama hana ofisi ya kwenda, wala hautazami nani katoa vifaa. Mwani haulimwi nyumbani, najua, unalimwa majini. Lakini mantiki ni moja.

Sasa ninachotaka kipelekwe Chukwani, kwenye Baraza la Wawakilishi. Mzani uwe na muhuri wa serikali, hilo dogo. Bei itajwe kabla ya kupanda. Kwa karafuu tumezoea serikali itangaze bei ya msimu, na mikarafuu mingi ni ya kina baba, kwa hiyo kumbe inawezekana. Deni la kamba likiisha, mtu auze anapotaka.

Lakini kubwa ni hili: kwa kila kilo anayonunua, mnunuzi atie fungu ZSSF kwa jina la aliyeilima. Leo mfuko una mlango wa hiari kwa waliojiajiri, nami nausifu, ila humo mama anachanga peke yake, kutoka pesa ile ile ya sukari. Tajiri yupo, na hachangi.

Nitaambiwa wanunuzi watakimbia. Wataenda wapi? Kiwanda hakivai kamba shingoni kikaenda kulima. Fungu likiwa dogo, likawa sawa kwa wanunuzi wote, hakuna atakayemshinda mwenzake kwa kumdhulumu mkulima. Hadithi ya Mtume, kibarua alipwe kabla jasho lake halijakauka, mnaijua, sina haja ya kuwasomea.

Saa yangu inaniambia tatu na nusu. Nataka madaftari. Mwenye daftari la deni la kamba, hata la miaka mitano nyuma, hata limerowa, aje nalo Jumamosi baada ya Laasiri, hapa hapa. Tutalipiga picha na kumrudishia. Asiyekuwa na daftari aje na kumbukumbu yake, tutaiandika: kamba ngapi, kilo ngapi, kakatwa ngapi. Majina ya wanunuzi hatuyataji kwa sasa. Haya, nendeni, maji yanatoka.